Kizingiti cha Ng'iriama: Mpunga, Joto na Kiangazi cha Usangu

Mwaka 1993 ndio unaotajwa kuwa mwanzo wa kukatika kwa Mto Ruaha Mkuu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Tangu hapo, kiangazi baada ya kiangazi, mto ambao zamani ulitiririka mwaka mzima hugeuka mlolongo wa madimbwi. Viboko hubanana kwenye tope, samaki hufa kwa kukosa hewa, na tembo huchimba mchanga wa mto kwa miguu na mikonga kutafuta maji yaliyojificha chini. Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alitangaza mjini London kwamba ifikapo 2010 mto ungerudi kutiririka bila kukatika. Mwaka huo ulipita na mto ukaendelea kukauka.

Mjadala wa nani aliyeukausha una kambi tatu. Ya kwanza inawataja wafugaji waliohamia Bonde la Usangu na makundi makubwa ya ng'ombe. Ya pili inawataja wakulima wa mpunga. Ya tatu, ambayo imepata sauti zaidi katika miaka ya karibuni, inataja mabadiliko ya tabianchi. Wasomi nao mara nyingi hujaribu kusuluhisha kwa kugawa lawama: asilimia kadhaa kwa huyu, kadhaa kwa yule. Mgawanyo huo hauna msingi Usangu, kwa sababu ya umbo la bonde lenyewe.

Mito ya Usangu, yaani Ruaha wenyewe, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera na mingine midogo, huanzia kwenye milima ya Kipengere, Uporoto na nyanda za juu za Njombe na Mufindi, ambako mvua hufikia milimita 1,500 na zaidi kwa mwaka. Hushuka hadi uwanda ambao wenyewe hupata chini ya nusu ya kiasi hicho, katika msimu mmoja tu kati ya Novemba na Aprili. Uwandani maji husambaa na kutuama, na mwisho hukusanyika katika kinamasi cha Ihefu. Ihefu ina mlango mmoja wa kutokea, Ng'iriama, ambako mwamba umelala mtoni kama kizingiti. Maji yakiwa juu ya mwamba, mto unatoka kuelekea hifadhini. Yakishuka chini yake, hata kwa sentimita chache, hakuna kinachotoka, ingawa nyuma ya mwamba bado kuna kilomita za mraba nyingi za maji na matete.

Japhet Kashaigili na wenzake, katika tafiti zao za miaka ya 2000, walionyesha kwamba wastani wa eneo la maji la Ihefu wakati wa kiangazi ulipungua kutoka kilomita za mraba 160 katika miaka ya 1958 hadi 1973 hadi kilomita 93 katika kipindi kilichoishia 2004. Walikadiria pia kwamba ili mita za ujazo 0.5 tu kwa sekunde zitoke Ng'iriama wakati wa kiangazi, kinamasi kinahitaji kupokea takriban mita za ujazo 7 kwa sekunde, karibu mara mbili ya kilichokuwa kikiingia. Msomaji asiyezoea haidrolojia atashangaa: saba ziingie ili itoke nusu?

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua eneo la kilomita za mraba 93 na udhani kwamba jua la kiangazi linanyonya milimita 6 za maji kwa siku, kiwango cha kawaida kwa uwanda wenye joto na upepo kama ule. Hizo ni mita za ujazo 558,000 kwa siku, au takriban 6.5 kwa sekunde. Ukizitoa kwenye 7, inabaki nusu. Kwa maneno mengine, mto ambao hifadhi inautegemea ni masalio baada ya jua kuchukua chake, na masalio hayo ni madogo mno kulinganishwa na kinachoingia na kinachopotea.

Hapo ndipo ongezeko la joto linapata nguvu isiyolingana na ukubwa wake. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, katika tathmini yake ya sita lilieleza kwamba joto barani Afrika limekuwa likipanda kwa kasi kuliko wastani wa dunia. Tuseme joto hilo linaongeza mvukizo wa Ihefu kwa asilimia 5 tu, kutoka milimita 6 hadi 6.3 kwa siku. Nyongeza hiyo, kwa eneo lile lile, ni mita za ujazo 0.32 kwa sekunde: zaidi ya nusu ya mto wote unaotoka. Ni makadirio ya karatasini, ndiyo. Kinamasi hujirekebisha, eneo likipungua na mvukizo nao unapungua. Lakini kinapopungua, maji yanasogea chini ya mwamba, na huko ndiko tusikotaka yafike.

Kwa hiyo mtu anayesema tabianchi inachangia kidogo na yule anayesema inachangia sana wanaweza wote kuwa sahihi kwa siku tofauti. Kinamasi kikijaa, joto la ziada halionekani. Kikiwa kimeshashushwa hadi ukingoni mwa kizingiti, joto hilo hilo linaukata mto. Kilichobadilika ni akiba iliyokuwapo kabla ya joto kufika, na akiba hiyo tuliitumia kwa jambo lingine.

Jambo hilo ni umwagiliaji, na historia yake ni ndefu. Wabaluchi waliofika Usangu katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita wanatajwa kuwa miongoni mwa waliopanua kilimo cha mpunga kwa mifereji. Wenyeji waliiga na kuendeleza. Katika miaka ya 1970 likajengwa Shamba la Mbarali kwa msaada wa China, lenye zaidi ya hekta 3,000, na baadaye Kapunga likafuata kwa ukubwa unaokaribiana. Pembeni mwa mashamba hayo wakulima wadogo nao waliongeza majaruba mwaka hadi mwaka, hadi jumla ya eneo linalomwagiliwa ikafika makumi ya maelfu ya hekta. Ardhi ya namna hii isingeweza kupanuka bila kugusa mto. Lakini mpunga unalimwa masika, mto ukiwa na maji ya kumwaga. Iweje ukaukie kiangazi?

Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye banio, kizuizi kinachoelekeza maji ya mto mferejini. Banio la jadi lilijengwa kwa miti, mawe, nyasi na udongo. Lilivuja. Mafuriko ya kwanza yalilibomoa, na wanakijiji walilijenga upya kwa kazi ya pamoja. Uvujaji ule, ambao wahandisi waliuona kuwa hasara, ndio uliokuwa ukiulisha mto wakati wa kiangazi. Miradi ya miaka ya 1990, ukiwamo ule wa Benki ya Dunia wa usimamizi wa mabonde ya mito na uboreshaji wa umwagiliaji, ilileta mabanio ya zege yenye milango ya chuma. Bruce Lankford, aliyefanya utafiti Usangu kwa miaka mingi, alionyesha kwamba uboreshaji huo ulimpa mtu wa juu uwezo ambao hakuwa nao awali: kuuchukua mto wote, hata ukiwa mdogo kiasi gani. Na kiangazi maji yale hayaendi kwenye mpunga peke yake. Yanapita mferejini kwa matumizi ya nyumbani na bustani, yanalowesha mashamba yaliyokwisha kuvunwa, mengine yanapotea tu kwa sababu hakuna aliyefunga mlango. Huko milimani nako vinyungu, yaani bustani za mabondeni, hunywa mapema kabla mto haujashuka, ila uzito wa jambo uko uwandani.

Kambi ya kwanza ilishinda kisiasa. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji Usangu, na kwa Tangazo la Serikali Na. 28 la 2008 Ihefu na eneo kubwa la bonde likaingizwa katika Hifadhi ya Ruaha, ambayo kwa nyongeza hiyo ilifikia zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Hoja ilikuwa kwamba mifugo inamaliza maji na kuharibu ardhi. Basi tuipime hoja hiyo kwa mizani ile ile. Tuseme bondeni kulikuwa na ng'ombe laki tatu, na kila mmoja anakunywa lita 40 kwa siku. Ni lita milioni 12, yaani lita 139 kwa sekunde. Pengo tuliloliona Ihefu, kati ya zile 7 zinazohitajika na kilichokuwa kikiingia, ni kama mita za ujazo 3.5 kwa sekunde, au lita 3,500. Maji ya ng'ombe wote hao ni asilimia 4 ya pengo. Mifugo mingi inaweza kukanyaga kingo, kubadili majani na kuleta moto, na mwanaikolojia hana haki ya kuyapuuza hayo. Ila kuukausha mto kwa kiu yao, hapana.

Ushahidi wenye nguvu zaidi umekuja baadaye. Wafugaji waliondoka na mto ukaendelea kukatika, kiasi kwamba mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi cha kuunusuru. Ni nadra sana katika elimu ya mazingira kupata jaribio la wazi namna hii: kinachodaiwa kuwa chanzo kimeondolewa, na matokeo yamebaki. Nalo lilikuwa na gharama kubwa. Familia zilisukumwa na mifugo yao kuelekea Lindi, Pwani na Kilombero, na Martin Walsh, aliyeifuatilia sera hiyo kwa karibu, alieleza namna ilivyojengwa juu ya simulizi kuliko vipimo. Ng'ombe waliotolewa kwenye ardhioevu moja walifika kwenye nyingine, na migogoro ya ardhi ya Kilombero na Rufiji ilipata sura mpya. Mwaka 2023 mipaka ya hifadhi ilirekebishwa na sehemu ya ardhi ikarudishwa kwa vijiji vya Mbarali, miaka 15 baadaye.

Kuna hoja nyingine iliyochanganya mambo, ya umeme. Mgao wa miaka ya 1990 ulipotokea, bwawa la Mtera likiwa tupu, kidole kilielekezwa Usangu. Lakini Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, na hupokea pia Ruaha Mdogo na Kisigo. Maji ya kiangazi yanayokosekana Ng'iriama ni machache mno kwa bwawa la ukubwa ule, ingawa kwa kiboko ni uhai wote. Tukifungua mabanio kwa ajili ya umeme tutakatishwa tamaa. Tukiyafungua kwa ajili ya mto, tutauona ukitiririka. Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 linaweza kuturudisha kwenye kosa lile lile, kwa kuwa Ruaha Mkuu huchangia takriban asilimia 15 tu ya maji ya Rufiji, na Kilombero ndiyo yenye sehemu kubwa.

Narudi kwenye tabianchi, kwa sababu nina wasiwasi na jinsi inavyotumika. Katika hotuba na maandiko ya miradi imekuwa jibu lisilomgusa mtu. Ukisema ng'ombe, mfugaji atalalamika. Ukisema banio, mkulima na mbunge wake watalalamika. Ukisema tabianchi, hakuna wa kukujibu. Tabianchi inafanya kazi yake kwa njia mbili zinazofuatilika. Ya kwanza nimeieleza, mvukizo. Ya pili hupitia kalenda ya mkulima. Anayewahi kuotesha vitalu na kupandikiza mapema huuza mchele wakati bei iko juu, kwa hiyo kuanzia Oktoba mifereji hufunguliwa kuandaa vitalu, mto ukiwa katika hali yake mbaya kuliko zote. Mvua ikichelewa wiki tatu, kitalu kinaendelea kunyweshwa kwa maji ya mto wiki tatu zaidi. Hali ya hewa imebadilika kidogo, mwenendo wa watu umeikuza mara kadhaa, na Ihefu imepokea yote mawili kwa pamoja. Hakuna chombo kitakachopima ni lita ngapi za huyu na ngapi za yule.

Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inaitambua akiba ya maji kwa ajili ya mazingira na kuitanguliza mbele ya uzalishaji. Kwenye banio hali ni nyingine. Kibali cha maji huandikwa kwa lita kwa sekunde, kiasi kinachoweza kuwa kizuri masika na kikazidi mto wote Oktoba. Lankford pamoja na Willie Mwaruvanda, aliyekuwa afisa wa maji wa Bonde la Rufiji, walipendekeza tofauti: masika vibali viweke kikomo cha juu, kiangazi maji yagawanywe kwa uwiano, kila mto ukipungua na fungu la kila mfereji lipungue, na zamu za kienyeji zisimamiwe na jumuiya za watumia maji. Banio libuniwe hivyo tangu mwanzo, ili lisiweze kuufunga mto hata mtu akitaka. Naliona pendekezo hili kuwa bora kuliko kusakafia mifereji kwa jina la ufanisi, maana maji yanayovuja shamba la juu mara nyingi ndiyo yanayomwagilia shamba la chini, na anayeyaokoa kwa kawaida huyatumia kupanua majaruba yake.

Pingamizi kubwa dhidi ya pendekezo hilo si la kihandisi. Makadirio ya Kashaigili yanataka matumizi ya kiangazi yapunguzwe kwa takriban theluthi mbili. Mkulima wa mwisho wa mfereji tayari hana cha kupunguza. Wa juu, mwenye shamba karibu na banio na nafasi kwenye kamati, ndiye atakayeguswa, na kitalu cha Oktoba ndicho kinachomlipia ada ya mtoto Januari. Hifadhi inakusanya viingilio kwa watalii wanaokuja kuona wanyama kando ya mto huo huo, wala sioni kwa nini sehemu ya fedha hizo isimfidie anayechelewesha kitalu hadi mvua ifike. Viboko huwa wameshaingia kwenye tope ifikapo Septemba.