Mafua, Njaa na Uuguzi: Homa ya Mwaka 1918 Itazamwapo kutoka Mkiwa

Makala hii inahusu ugonjwa ambao kila msomaji amekwisha kuuugua, na ambao kwa sababu hiyo hiyo ni wachache wanaodhani kwamba una historia. Tauni ina historia yake, ndui ina yake, na kipindupindu kina yake. Mafua yana leso tu. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 1918 na katika miezi iliyofuata, homa ya mafua iliua watu wengi zaidi katika nchi hii kuliko risasi zote zilizofyatuliwa humo katika miaka minne ya Vita Kuu. Mwanahistoria John Iliffe alikadiria kwamba katika lililokuwa koloni la Wajerumani walikufa watu kati ya 50,000 na 80,000. Kwa nchi jirani ya Kenya makadirio hufika 150,000. Duniani kote hutajwa milioni 50. Vifo hivyo vyote havikuacha katika nchi yetu mnara hata mmoja, wala siku ya kumbukumbu.

Nimechagua kuitazama habari hii kutoka Mkiwa, katika mkoa wa Singida, mahali ambapo barabara ya Manyoni kwenda Singida hukutana na ile iendayo Itigi, Rungwa na kusini zaidi hadi Chunya. Ugonjwa uambukizwao kwa pumzi hauna miguu yake wenyewe. Huenda kwa miguu ya watu, na kwa hiyo atakaye kuuelewa hana budi kuanzia kwenye njia panda. Kusini ya Mkiwa, mwendo usiozidi siku mbili kwa miguu, hupita Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Yafaa pia kukumbuka, ingawa sidai kwamba asili ya jina la kijiji ni hiyo, kuwa mkiwa katika Kiswahili ni mtu aliyeachwa peke yake, asiye na wa kumwangalia. Neno hilo litatufaa mbele.

Njia ya ugonjwa

Vita vilifika katika nchi ya kati mwezi Julai 1916, jeshi la Waingereza lilipoingia Dodoma na kusonga mbele hadi Kilimatinde, palipokuwa na boma la Wajerumani. Tabora ilitwaliwa na Wabelgiji mwezi Septemba mwaka huo huo. Kuanzia hapo watu wa sehemu hizi hawakusikia tena milio ya bunduki kwa wingi, lakini vita havikuwaacha. Kila jeshi lilitaka nafaka, lilitaka ng'ombe, na kuliko vyote lilitaka wapagazi. Wanaume walichukuliwa kwa maelfu kubeba mizigo huko kusini, wengi wao wakafia njiani kwa kuhara, kwa malaria na kwa njaa. Jina la Kariakoo katika jiji la Dar es Salaam ni masalio ya kikosi hicho cha wapagazi.

Wakati huo huo homa mpya ilikuwa imekwisha kuonekana kwingine. Mwezi Machi 1918 iliandikwa katika kambi za askari wa Marekani, nayo ikavuka bahari pamoja nao. Magazeti ya nchi zilizokuwa vitani yalizuiwa kuieleza. Magazeti ya Hispania, ambayo haikuwa vitani, yaliieleza waziwazi, na hivyo Wahispania wakatwishwa jina la ugonjwa ambao hawakuuanzisha. Mwezi Agosti ilirudi ikiwa kali zaidi, ikashuka bandarini Freetown, kisha Cape Town, na Mombasa ikaipokea kutoka katika meli za India. Afrika Mashariki ilishambuliwa kutoka pande mbili, pwani na kusini, na katika pande zote mbili palikuwa na majeshi, meli na reli tayari kuipeleka bara.

Kisa kimoja chaonyesha jinsi jambo hili lilivyotendeka. Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa bado anazunguka na kikosi chake, alivuka mto Ruvuma kurudi katika nchi hii mwishoni mwa Septemba 1918. Alipopita nyanda za juu za kusini, watu wake walishikwa na ugonjwa wa mapafu. Alijisalimisha Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, akiwa na Wazungu 155, askari Waafrika 1,168 na wapagazi wao. Kikosi hicho kilivushwa kwa meli katika Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, kikapakiwa katika magari ya moshi. Askari waliwekwa kambini Tabora, na humo wengi walikufa kwa homa. Wazungu waliendelea hadi Dar es Salaam, wakifika mapema Desemba, na walipokuwa wakingoja meli ya kuwarudisha kwao wengine nao walikufa. Treni hiyo ilipita Itigi na Manyoni. Sisemi kwamba ndiyo iliyoleta ugonjwa katika Singida, kwa maana zilikuwapo treni nyingi, na wapagazi wengi walioachiliwa walikuwa wakirudi nyumbani kwa miguu mwezi huo huo. Nasema tu kwamba hapakuhitajiwa zaidi ya hapo: mtu mmoja anayekohoa kushuka kituoni, akanywa maji kwa watu, akaendelea na njia ya kaskazini.

Shamba lisilo na mlimaji

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Katika nchi ya kati mvua ni za msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na asiyelima na kupanda kwa wakati huo hatavuna mtama wala uwele. Homa ya 1918 ilifika katika majuma yale yale. Isitoshe, ilikuwa na tabia ambayo mafua ya kila mwaka hayana. Mafua ya kawaida huua hasa wazee na watoto wachanga. Ile iliua kwa wingi watu wa miaka 20 hadi 40, yaani wenye kushika jembe, wenye kuteka maji, wenye kunyonyesha.

Wagogo, majirani wa mashariki, waliiita njaa ya miaka 1917 hadi 1920 Mtunya. Katika wilaya ya Dodoma peke yake watawala walikadiria kwamba walikufa watu 30,000 kati ya 150,000. Katika hesabu hiyo, nani alikufa kwa njaa na nani kwa homa? Watu wengi wameuliza swali hili kana kwamba ni sababu mbili zinazogombania maiti mmoja. Kwa maoni yangu swali lenyewe limekosewa. Mwili uliokondeshwa na njaa haushindi homa. Kaya iliyolala kwa homa wakati wa kupanda hupata njaa mwaka unaofuata. Na ng'ombe ambao wangeuzwa ili kununua nafaka walikuwa wamekwisha kuliwa na majeshi. Atakayetaka kuitenga homa ili aipime peke yake atakuwa ameiacha nje nusu ya habari.

Jambo jingine halikuandikwa katika hesabu yoyote. Mtu mzima mwenye homa ya mafua huweza kulala siku tatu au nne bila nguvu ya kusimama. Akiwapo wa kumpa maji na uji, walio wengi hupona. Lakini katika nchi ambayo kisima kiko mbali, nyumba ambayo watu wake wote wamelala siku moja haina wa kwenda kisimani. Wanaume wengine walikuwa hawajarudi kutoka katika upagazi, na wengine hawangerudi kamwe. Mgonjwa wa namna hiyo ni mkiwa kweli kweli, naye huweza kufa kwa kiu kando ya watu wake. Habari za aina hii zilitokea katika nchi nyingi mwaka ule, hata zilizo tajiri, na wengi waliochunguza vifo vya 1918 wamesadiki kwamba palipokuwa na wauguzi walikufa wachache, hata pale ambapo dawa ilikuwa hakuna.

Na dawa kweli ilikuwa hakuna. Madaktari wa ulimwengu mzima walitoa kwinini, ambayo haina nguvu juu ya ugonjwa huu, na aspirini, nyakati nyingine kwa vipimo ambavyo leo vingeitwa sumu. Mganga wa Kinyaturu aliyechemsha mizizi na majani na kumfukiza mgonjwa hakuwa nyuma ya daktari wa kizungu kwa kadiri tunavyoweza kudhani. Wote wawili walikuwa wanapambana na adui wasiyemwona.

Adui aonekana

Kwa miaka mingi wataalamu walimfuata adui asiye yeye. Mwaka 1892 Mjerumani Richard Pfeiffer alitangaza kwamba amekiona kijidudu cha mafua. Alichokiona ni bakteria, ambayo kweli hukaa katika vifua vya wagonjwa, lakini siyo chanzo. Mwaka 1933 Waingereza Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walichukua maji ya koo la mgonjwa, wakayachuja mpaka bakteria zote zikabaki nyuma, wakayatia katika pua za wanyama wadogo aina ya vicheche wa Ulaya. Wanyama wakapiga chafya. Ndipo ilipothibitika kwamba chanzo ni kirusi. Andrewes huyo huyo aliongoza baadaye kituo cha Salisbury, kilichofanya kazi tangu 1946 hadi 1990, ambamo watu wa kujitolea walitiwa mafua kwa makusudi. Wengine waliloweshwa maji na kusimamishwa penye upepo baridi, na hawakuugua kuliko wenzao waliokaa pakavu. Matokeo hayo hayajawafikia akina mama wote, wala sina hakika kwamba mama yangu angeyakubali.

Kirusi cha 1918 chenyewe kilipatikana mahali ambapo hatukutazamia. Katika Alaska kuna kijiji kiitwacho Brevig Mission, kilichokuwa kituo cha misioni ya Kilutheri na chenye jina la mchungaji wake wa kwanza. Katika majuma ya Novemba 1918, ambapo nchi yetu pia ilikuwa ikiugua, walikufa humo watu 72 kati ya watu wazima wapatao 80, wakazikwa katika kaburi moja lenye misalaba. Ardhi ya huko ni barafu. Mwaka 1951 mwanafunzi Johan Hultin aliomba ruhusa ya wazee wa kijiji, akafukua, akachukua vipande vya mapafu, lakini hakufaulu kukiotesha kirusi. Alirudi mwaka 1997 akiwa na umri wa miaka 72, akaomba ruhusa tena, akapata mapafu ya mwanamke mmoja yaliyohifadhiwa na mafuta ya mwili wake, akayapeleka kwa Jeffery Taubenberger. Kabla ya kuondoka alitengeneza misalaba mipya badala ya ile iliyooza. Mwaka 2005 muundo wote wa kirusi ulikuwa umesomwa. Uchunguzi wa mapafu mengine ya mwaka ule yaliyotunzwa katika maabara ulionyesha kwamba wengi wa waliokufa waliuawa na bakteria walioingia mapafuni baada ya kirusi kufungua mlango, yaani nimonia. Hivyo kijidudu cha Pfeiffer na ndugu zake hawakuwa na hatia ya kuanzisha, ila walikuwa na hatia ya kumaliza.

Tiba ya jana na ya leo

Tofauti hii ya mlango na mwuaji ndiyo ufunguo wa tiba. Mafua ya kawaida, yaletwayo na virusi vya aina zaidi ya 200, huanza polepole kwa pua na koo, nayo hupita yenyewe kwa juma moja au siku kumi. Homa ya mafua huja ghafla, kwa joto kali na maumivu ya mwili mzima. Yote mawili hayasikii antibiotiki, ingawa watu wengi, nami nimo, wamewahi kuzimeza kwa chafya mbili. Limau, tangawizi na asali hutuliza koo, ila asali asipewe mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Kujifukiza, ambako nchi nzima ilikuzungumzia mwaka 2020, hulegeza makamasi lakini hakuui kirusi, na chungu cha maji ya moto kimeunguza watoto wengi. Parasetamoli hushusha homa; aspirini haifai kwa watoto. Ipo pia chanjo, na tangu 1999 dawa ya oseltamivir, lakini hizo si vitu vinavyopatikana kwa urahisi katika zahanati ya kijijini. Kinachobaki ni maji, uji, usingizi na mtu wa kukaa karibu.

Nimonia ni jambo jingine. Hiyo ina dawa tangu penisilini ilipoanza kutumika katika miaka ya 1940, na mgonjwa wake hapaswi kungoja. Mama aliye Mkiwa haihitaji maabara ili kuitambua kwa mtoto. Amlaze mtoto akiwa ametulia, afunue kifua, ahesabu pumzi kwa dakika moja nzima kwa saa. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 au zaidi kwa wa miezi miwili hadi kumi na miwili, 40 au zaidi kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, au sehemu ya chini ya kifua kubonyea ndani kila anapovuta pumzi: huyo apelekwe usiku ule ule.