Magemu ya kufundisha watoto kusoma: yaliyofanyika Tanga, na sisi wa Bumbuli tunaweza nini

Leo naandika kutoka hapa Bumbuli, ukungu umeshuka mpaka huoni mparachichi wa jirani, na umeme umerudi sasa hivi tu. Kwa hiyo naandika kabla haujakatika tena.

Kilichonisukuma ni mdogo wangu wa mwisho, yuko darasa la pili. Siku moja nilimwambia anisomee daftari lake, akasoma ukurasa mzima bila kukwama. Nikafurahi kweli. Halafu nikaziba neno moja kwa kidole, akalisoma vilevile! Kumbe alikuwa amekariri ukurasa wote kwa kusikia wenzake. Nikamwandikia "kuku" kwenye karatasi nyingine, akabaki ananiangalia tu. Darasani kwao wamejaa na mwalimu ni mmoja, simlaumu. Mimi mwenyewe nimeishia Form Four na sijasomea ualimu, ila nina simu janja ya mtumba. Nikaanza kuchimba habari za magemu ya kufundisha kusoma. Niliyoyapata nayaweka hapa, yasaidie na wengine.

GEMU LA KUSOMA NI LIPI?

Tutofautishe kwanza. Katuni mtoto anaitazama. Mfano ni Akili and Me ya Ubongo, shirika la pale Dar es Salaam, yenye kale kabinti ka miaka minne kanakoishi chini ya Mlima Kilimanjaro. Ni nzuri sana, lakini mtoto anaweza kuitazama huku amelala nusu. Gemu linamtaka ajibu. Linatoa sauti, mfano "ma", kisha linamwekea ma, na, mu, yeye aguse ile aliyoisikia. Akipata anasonga mbele, akikosa linamrudishia bila kumgombeza. Lililotengenezwa vizuri linakumbuka pale anapokosea na kumletea palepale mpaka azoee. Mwalimu mwenye darasa lililojaa atapata wapi nafasi ya kumfanyia hivyo kila mtoto?

Kiswahili chetu kinafaa sana kwa kazi hii. Irabu ni tano tu, a e i o u, na kila moja ina sauti yake ile ile popote ilipo. Ukishajua ba be bi bo bu, unaweza kusoma "baba" na "bibi" hata kama hujawahi kuyaona yameandikwa. Ugumu unakuja baadaye kwenye ng', nyw, mbw na ndugu zao. Kiingereza ni kesi nyingine kabisa, herufi moja ina sauti kibao. Kwa hiyo mzazi ukimpakulia mtoto gemu la Kiingereza ukidhani atajifunza kusoma Kiswahili, unamchanganya tu.

Wafini lugha yao nayo inaandikwa kama inavyotamkwa. Chuo Kikuu cha Jyväskylä kule Finland ndiko lilikozaliwa gemu la GraphoGame, ambalo mtoto anasikia sauti na kuchagua herufi yake. Profesa Heikki Lyytinen ni mmoja wa waliolianzisha. Likatengenezewa toleo la Kiswahili, likajaribiwa kwa watoto wa Kenya.

KUMBE MKOA WETU ULIKUWA MAABARA

Hii ndiyo iliyonishangaza zaidi, na nikiuliza vijana wenzangu hapa wengi hawana habari.

Mwaka 2014 taasisi ya XPRIZE ya Marekani ilitangaza shindano liitwalo Global Learning XPRIZE, la dola milioni 15, na mfadhili mkuu alikuwa Elon Musk. Sharti: tengeneza programu ambayo mtoto ataitumia kujifundisha mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu ndani ya miezi 15. Timu karibu 200 zilijitokeza. Mwaka 2017 zikabaki tano, kila moja ikapewa dola milioni moja, na zote zikatakiwa kufundisha kwa Kiswahili.

Uwanja wa majaribio? Mkoa wa Tanga! Vijiji kama 170 hivi, watoto karibu 3,000, wengi wa miaka 7 hadi 11. Google ilichangia vishikwambi aina ya Pixel C. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) walishirikiana kuendesha kazi, na vijijini vikawekwa vituo vya kuchaji kwa sola, maana umeme huko ulikuwa ndoto.

Timu tano zilikuwa hizi:

1. onebillion, ya Uingereza na Kenya. Kabla ya hapo ilishafanya kazi sana na watoto wa Malawi.
2. Kitkit School, ya kampuni ya Enuma, Marekani na Korea Kusini.
3. RoboTutor, ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Hii ilitengenezwa iweze hata kumsikiliza mtoto anaposoma kwa sauti.
4. Chimple, ya India.
5. CCI, ya New York.

Mei 2019 majaji walishindwa kumtenganisha wa kwanza. onebillion na Kitkit School zikagawana dola milioni 10, kila mmoja tano. Na programu zote tano zikawekwa wazi, mtu yeyote mwenye ujuzi achukue bure na kuziendeleza.

MATOKEO TUSOME KWA UTULIVU

Hapa ndipo watu wanapotia chumvi. Kwa taarifa ya XPRIZE wenyewe, kabla ya majaribio asilimia 74 ya watoto wale walikuwa hawajawahi kwenda shule, asilimia 80 hawajawahi kusomewa kitu nyumbani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu.

Kwa watoto wasio na mwalimu hilo ni jambo kubwa, tusilidharau. Ila piga hesabu upande wa pili pia. Nusu ya zaidi ya 90 ni kama 45 na kitu. Maana yake karibu nusu ya watoto walikaa na kishikwambi miezi 15 na bado neno moja liliwashinda. Halafu kusoma neno moja na kusoma habari ukaielewa ni vitu viwili tofauti. Kwa hiyo anayekuambia gemu linachukua nafasi ya mwalimu, mwambie akarudie kusoma matokeo.

NILIVYOJARIBU NYUMBANI

Mimi sikuwa na kishikwambi wala mfadhili, simu tu. Makosa yangu ndiyo haya, usiyarudie.

Kwanza nilipakua gemu lenye matangazo. Kila baada ya dakika mbili linatokea tangazo, dogo analigusa, anatoka nje ya gemu, na bando linateketea. Tafuta linalofanya kazi bila intaneti. Pakua mara moja ukiwa na bando, kisha zima data kabisa.

Pili nilimwachia simu nikaenda zangu shambani. Niliporudi amefika hatua ya mbali, nikampigia makofi. Kumbe alikuwa anagusa majibu yote mpaka moja likubali! Sasa nakaa naye dakika 15, si zaidi, na akimaliza lazima aandike kwa penseli maneno matatu aliyokutana nayo. Akishindwa kuyaandika, tunarudi nyuma.

Tatu ni lugha. Sisi nyumbani tunaongea Kisambaa. Gemu linaonyesha picha ya maji, yeye anasema "mazi", halafu anatafuta z ambayo haipo. Mashine haiwezi kujua kwamba mtoto kajibu sawa kwa lugha ya mama yake. Inahesabu kakosea. Hapo ndipo anahitajika mtu wa kumwambia, "Nyumbani tunasema mazi, shuleni tunasema maji, sikiliza j." Tangu nilipomweleza hivyo ameacha kununa.

Leo anasoma "kuku", "maji", "kalamu", na juzi alisoma jina la duka tukiwa tunapita, bila kuulizwa. Mama alisimama katikati ya barabara akamwambia rudia. "Ng'ombe" bado inamtoa jasho. Sisemi ni gemu peke yake, inawezekana ni zile dakika 15 za kukaa naye. Nadhani ni vyote viwili.

SASA SWALI LANGU

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu viligawiwa kwa walimu nchi nzima. Yaani mashine zipo shuleni tayari, na programu za Kiswahili zilizojaribiwa mkoani kwetu ziliwekwa wazi bure. Kishikwambi kimoja hakitoshi darasa zima, najua. Lakini wale watoto watano au sita walioachwa nyuma wangeweza kupokezana nusu saa baada ya vipindi. Vijana tuliomaliza Form Four tupo tu vijiweni, kukaa nao hatushindwi. Tunachohitaji ni ruhusa ya mwalimu mkuu na mzazi.

Mimi nimeanza na wawili wa jirani pamoja na dogo wangu, kila Jumamosi, simu moja na penseli tatu. Aliye Soni, Mponde, Lushoto au kokote, kama umewahi kujaribu, tuambie ulifanyaje, hasa walimu. Na kama mtoto wako alikuwa kwenye yale majaribio ya 2017 hadi 2019, tueleze leo yuko wapi na anasoma vipi. Hilo ndilo nataka kulijua kuliko yote.

Uwanja wa maoni uko wazi hapo chini. Nipingeni, ila bila matusi.

Naomba kuwasilisha.