Kukasimu mamlaka: fundisho la shule zetu za mapatano

Kukasimu mamlaka ni kumpa mwingine haki ya kuamua na kutenda kwa niaba yako, ndani ya mipaka inayojulikana. Mjumbe hubeba neno la aliyemtuma. Aliyekasimiwa huamua mwenyewe, kisha hutoa hesabu. Naye aliyekasimu haachi wajibu wake: kazi ikiharibika, ataulizwa pia.

Katika Kongo yetu mfano ulio wazi ni shule. Mwaka 1974 serikali ya Zaire ilizitaifisha shule za makanisa. Tarehe 26 Februari 1977 ikafanya mapatano na makanisa, likiwemo Kanisa la Kristo, kuwarudishia usimamizi. Serikali ilibaki na programu ya masomo, ukaguzi na mishahara. Makanisa yakapewa uendeshaji wa kila siku kupitia waratibu wao. Ndiyo maana hapa Lubumbashi shule ya Kiprotestanti hutembelewa na mkaguzi wa serikali na pia mratibu wa kanisa.

Mapatano hayo yanatuonyesha pia udhaifu. Miaka ya 1990 mishahara ilipokosekana, kazi ilibaki mikononi mwa waendeshaji, lakini uwezo haukuwepo. Wazazi ndio waliobeba walimu, mpaka serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo mwaka 2019. Kukabidhi kazi bila uwezo ni kumtwika mtu mzigo tu.

Makanisani mwetu hali si tofauti sana. Mweka hazina anashika daftari, lakini sahihi ya benki ni ya mchungaji peke yake. Mchungaji akisafiri kwenda Likasi au Kolwezi, mgonjwa hasaidiwi na mlinzi halipwi. Yethro aliliona jambo hili kwa Musa (Kutoka 18), naye Musa akaweka wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na kumi. Mitume nao walipowawekea mikono wale saba (Matendo 6), waliwaachia kweli huduma ya meza. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Basi, wapendwa, kila baraza linapomkabidhi mtu huduma, tuandike mambo manne: kazi yenyewe, mipaka yake, fedha na sahihi anazopewa, na siku ya kutoa hesabu. La tatu likikosekana, tumempa cheo tu. La nne likikosekana, tumeacha mali ya Bwana bila mlinzi.