Shikore, mboga chungu na bulongo bwa Lubumbashi

Kwenye mikutano ya bustani swali moja linarudi kila mara: shikore ya Wazungu inaweza kuota kwetu? Itaota wakati wa baridi, kama mboga zingine za Ulaya, mradi mtu amwagilie maji.

Ni mboga ya shida, ile. Mwaka 1806 Napoleon alifunga biashara ya Uingereza na Ulaya, kahawa ikakosekana, basi watu wakakaanga mizizi ya shikore, wakaisaga, wakainywa. Majani yake machungu waliyala, na waliyatumia pia kama dawa ya tumbo na ini. Baadaye Wabelgiji wakaotesha mizizi gizani ili majani yatoke meupe, ndiyo witloof.

Kwetu shida ilipitia njia ingine. Union Minière iligawa posho kwa wafanyakazi wake, na Gécamines ikarithi mzigo ule 1967. Lakini 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka, shaba ikapungua, mishahara ikachelewa miezi na miezi. Banamama wa mji wakashika jembe. Lengalenga, matembele, ngai-ngai: bukari haikukosa mboga, na sifa iwaendee wao kabla ya mradi wowote, hata wetu.

Shaba hiyohiyo iliacha kitu kingine. Tanuru la Lubumbashi liliwashwa 1911, na kwa miaka mingi upepo wa kusini-mashariki ulibeba moshi wake mpaka Penga Penga. Miti ilikufa. Watafiti wa UNILU wamekuta kwenye bulongo bwa pale shaba, kobalti, risasi na kadmiamu. Na shikore ndiyo mboga ambayo watafiti wa Ulaya wanapanda ili kupima uchafu wa namna hiyo, sababu inavuta kadmiamu mpaka ndani ya majani. Kuosha kunatoa vumbi, hakutoi kile kilichoingia ndani.

Mwenye kurudi bila kitu anatafuta kiwanja cha bei ndogo, tunaelewa. Ila kabla ya kulipa, uliza wazee wa pale: zamani miti iliota hapa? Maji ya mtoni yanatoka wapi? Chokaa na mbolea nyingi vinapunguza sumu inayopanda kwenye mboga, havimalizi. Kwa hiyo mbegu za shikore tutaanza kuzigawa kwa bustani zilizo mbali na upande ule wa moshi. Wengine wangoje kwanza bulongo bupimwe.