Injini ya 1NZ-FE katika Magari Madogo: Vipimo Vyake na Hitilafu za Kawaida kwa Watumiaji wa Kolo na Nyanda za Kati

Tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati yenye urefu wa kilomita 251 ilipozinduliwa mwezi Aprili 2018, safari ya kutoka Kolo, wilayani Kondoa, hadi Dodoma, takriban kilomita 180, imekuwa ya saa chache. Pamoja na mabasi, njia hiyo hutumiwa na magari madogo ya Toyota aina ya IST, Raum, Probox na Spacio, baadhi yakiwa ya familia na mengine ya kubebea abiria, maarufu kama michomoko. Hutumika kuwafikisha wagonjwa hospitalini, walimu katika vituo vyao vya kazi, na wageni wanaofika Kolo kutazama michoro ya mwambani iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO.

Mengi ya magari hayo huendeshwa na injini moja ya petroli, inayojulikana kwa alama ya 1NZ-FE. Kwa mmiliki ambaye gari ndilo shamba lake na ndilo duka lake, jambo la kwanza kulifahamu ni kwamba injini hii mara nyingi haifi kwa uzee. Hufa kwa oili iliyopungua bila mwenyewe kujua, au kwa joto lililoachwa lipande. Yote mawili huanza na dalili ndogo, na dalili hizo hutengenezeka kwa fedha kidogo.

Alama yenyewe ina maana. Tarakimu 1 huonesha kuwa injini hii ni ya kwanza katika ukoo wa NZ. Herufi F huonesha kuwa ina kamshafti mbili juu ya hedi na vali zilizopangwa kwa pembe finyu, mpangilio unaolenga kubana matumizi ya mafuta kuliko kutafuta kasi. Herufi E huonesha kuwa petroli huingizwa na nozeli zinazoongozwa na kompyuta. Ina silinda 4 zilizopangwa kwa mstari, vali 16 na ujazo wa cc 1,497. Kipenyo cha silinda ni milimita 75.0 na mwendo wa pistoni ni milimita 84.7, uwiano wa mgandamizo ni 10.5 kwa 1. Katika IST ya kizazi cha kwanza, iliyouzwa Japani kati ya 2002 na 2007, hutoa nguvu za farasi 109, sawa na kilowati 80, kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, na msokoto wa nyutoni-mita 141 kwa mizunguko 4,200.

Si kila IST ina injini hii. Gari lenye kodi ya chasisi NCP61, au NCP65 kwa lile linalovuta magurudumu yote manne, lina 1NZ-FE. NCP60 lina 2NZ-FE ya cc 1,298, yenye kipenyo kilekile cha silinda lakini mwendo mfupi wa pistoni, milimita 73.5. Kwa nje magari hayo ni mapacha. Anayeagiza spea kutoka Dodoma au Dar es Salaam na asome kodi hiyo kwanza, badala ya kutaja jina la gari peke yake, kwani nauli ya kurudisha spea isiyofaa humwangukia yeye.

Bloku ya injini ni ya aluminiamu, na ndani ya kila silinda mna ganda jembamba la chuma. Hilo huipa wepesi, lakini pia huifanya isivumilie joto kama zilivyovumilia injini za zamani za chuma kitupu. Kamshafti huzungushwa na cheni, wala si mkanda, kwa hiyo hakuna kilomita maalumu zilizopangwa za kuibadilisha. Nafasi ya plagi ni milimita 1.1. Nafasi ya vali hupimwa injini ikiwa baridi: milimita 0.15 hadi 0.25 kwa vali za kuingiza na 0.25 hadi 0.35 kwa vali za kutoa moshi. Oili inayohitajika wakati wa kubadilisha pamoja na filta ni lita 3.7.

Kipimo hicho cha lita 3.7 kinastahili kukumbukwa kuliko vingine vyote. Katika injini hii oili haifanyi kazi ya kulainisha pekee. Ndiyo inayokaza kirekebishi cha cheni, na ndiyo inayosukuma mfumo wa VVT-i, ambao hubadilisha wakati wa kufunguka kwa vali za kuingiza kulingana na mwendo. Oili ikichafuka, kichujio kidogo kilichofichwa kwenye hedi, kinachoilinda vali ya mfumo huo, huziba. Gari hupoteza nguvu, hutetemeka likiwa limesimama, na taa ya kukagua injini huwaka. Mara nyingi tiba yake ni kukifungua na kukisafisha kichujio hicho na vali yake, si kununua kompyuta nyingine. Mlio wa kukwaruza unaosikika kwa sekunde chache asubuhi, injini inapowashwa, kwa kawaida hutoka kwenye cheni iliyorefuka au kirekebishi chake kilichochoka. Mlio huo ukianza kudumu hata injini ikiwa imepata moto, safari isubiri.

Hitilafu iliyo maarufu zaidi kwa injini hizi zikishatembea sana ni kula oili. Ringi za pistoni zinazokwangua oili hujaa masizi na kushindwa kurudi mahali pake. Oili hupanda juu na kuungua pamoja na petroli. Moshi wa bluu huweza kuonekana wakati wa kuwasha au baada ya kuteremka mlima mrefu, ingawa magari mengine hula oili bila moshi wa kuonekana kwa macho. Vitabu vya Toyota vya baadhi ya masoko hutaja lita 1 kwa kila kilomita 1,000 kama kiwango cha juu cha kuvumilika. Dereva wa Kolo na apige hesabu yake mwenyewe: kwenda na kurudi Dodoma ni takriban kilomita 360, na safari tatu hupita kilomita 1,000. Gari lililofikia kiwango hicho, likiachwa bila kuongezwa hadi kilomita 5,000 ambazo wengi hubadilishia oili, litakuwa limekauka kabla ya kufika huko.

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Taa nyekundu ya oili kwenye dashibodi haipimi kiasi cha oili, hupima shinikizo. Ikiwaka gari likiwa mwendoni, pampu imekwisha kuvuta hewa, na vyuma tayari vinasagana. Anayeendelea kutembea ili afike walau Kondoa mara nyingi hufika na injini iliyonoki. Kiasi cha oili hujulikana kwa kijiti cha kupimia tu.

Oili ya daraja la 5W-30 ndiyo iliyokusudiwa, na 10W-30 inakubalika katika hali ya hewa yetu. Baadhi ya mafundi huweka 20W-50 ili kupunguza moshi. Moshi hupungua kweli, lakini oili nzito huchelewa kufika kwenye cheni asubuhi na huulemaza mfumo wa VVT-i. Ni njia ya kuficha ugonjwa, na mnunuzi wa gari lililotumika hana budi kuuliza ni oili gani iliyomo. Vifungashio vikaguliwe kama vina alama ya ubora ya TBS, na bidhaa inayotiliwa shaka kuwa bandia iripotiwe kwa Tume ya Ushindani.

Joto ni suala la pili, na mwinuko wa nchi yetu hulizidisha. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Irangi viko juu zaidi. Katika mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwa nyuzi 95 za Selsiasi badala ya 100, wakati injini yenyewe hufanya kazi karibu na joto hilohilo. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta, ambacho huhifadhi shinikizo na kukipandisha kiwango cha kuchemka kupita nyuzi 110. Kifuniko kilicholegea, ambacho mtu wa Tanga angekaa nacho muda mrefu bila kukitambua, huku hujionesha mapema. Ni spea ya bei ndogo. Hedi iliyopinda si ya bei ndogo.

Themostati ya injini hii huanza kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84. Gari likichemka, wapo wanaoing'oa na kuunganisha feni moja kwa moja na betri. Gari hupoa, na mwenyewe hushukuru; lakini kompyuta huona injini haijapata moto, huongeza petroli, na petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda. Baada ya miezi kadhaa mtu huyo huyo hulalamika kwamba gari linakula mafuta na oili. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, nayo huacha magamba ndani ya rejeta na kuila aluminiamu. Hivyo inafaa kutumia kipoza-injini maalumu kilichochanganywa na maji safi yasiyo na chumvi. Ikiwa hedi italazimika kufunguliwa, uso wake upimwe kabla ya kufungwa tena, na boliti zake zikazwe kuanzia katikati: nyutoni-mita 29 kwanza, kisha robo mzunguko, kisha robo mzunguko nyingine. Kukaza kwa kukisia ndiko kunakorudisha gari gereji.

Vumbi la Kondoa halihitaji kutambulishwa. Mmomonyoko wa ardhi hapa ndio uliosababisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kuanzishwa mwaka 1973. Anayetoka kwenye lami kuelekea Pahi au Mongomi wa Kolo hurudi na udongo mwekundu ndani ya filta ya hewa. Filta hiyo ikaguliwe kila oili inapobadilishwa, na isipulizwe kwa upepo mkali hadi karatasi ikatoboka. Vumbi na mvuke wa oili huganda pia kwenye mlango wa hewa, na gari huzima-zima likisimama, kusafisha kunatosha.

Injini kukosa moto katika silinda moja kwa kawaida husababishwa na plagi au koili. Mashine ya kusoma hitilafu huonesha alama kati ya P0301 na P0304, na tarakimu ya mwisho ndiyo namba ya silinda. Fundi akiihamishia koili ya silinda hiyo kwenye silinda nyingine na hitilafu ikaifuata, jibu limepatikana bila kununua koili zote nne.

Kupungua kwa nguvu mlimani si lazima iwe hitilafu. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko. Fundi akianza kubadilisha sensa kwa sababu gari lenye abiria watano na mizigo limechoka likipanda kuelekea Bereko, mwenye gari ana haki ya kumwuliza amepima nini.

Kuhusu petroli, mafuta yanayouzwa nchini huwekewa vinasaba ili kubaini yaliyochakachuliwa. Petroli ya chupa kando ya barabara haina uhakika huo, achilia mbali hatari ya moto. Stakabadhi ya kituo ihifadhiwe, kwani bila hiyo malalamiko kwa EWURA hukosa pa kuanzia.

Kijiti cha kupimia oili kipimwe gari likiwa mahali tambarare, dakika chache baada ya injini kuzimwa. Kifutwe, kirudishwe hadi mwisho, kisha kichomolewe tena na kusomwa. Oili iwe kati ya alama mbili, karibu na ile ya juu. Kwa gari linalokwenda Dodoma na kurudi, kipimo hicho kifanyike kabla ya kila safari.