Tishio la Mgomo: New York, Januari 1966

Wanafunzi wangu, neno kugoma ni la kawaida kabisa katika Kiswahili. Punda aliyekataa kuvuka daraja amegoma. Gari lisilotaka kuwaka asubuhi limegoma. Nasi twasema vivyo hivyo juu ya wafanyakazi wanaoacha kazi ili wasikilizwe. Anayegoma hupata nguvu zake kwa kuacha tu. Akishaacha, ndipo mji mzima hutambua kwamba ulikuwa umemwegemea.

Nalijua hilo kwa miguu yangu. Mwaka mmoja madereva wa teksi, yale magari yetu ya abiria 14, walikataa kupakia watu katika barabara ya kutoka Mukono kuingia Kampala, wakilalamikia tozo. Bodaboda zikapandisha bei mara tatu kabla jua halijakomaa. Nilifika shuleni nimechelewa, vumbi hadi magotini, nikakuta mtihani umekwisha kuanza. Wasichana wawili waliokaa mbali kuliko mimi walifika baada ya karatasi kukusanywa. Madereva niliwaona wana haki. Wasichana nao sikuwaona na kosa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za migomo ya usafiri, na hakuna niliourudia mara nyingi kama ule wa New York.

Wafanyakazi wa treni za chini ya ardhi na mabasi ya mji huo walikuwa na chama chao, kilichoanzishwa mwaka 1934, na kiongozi wao alikuwa Michael Quill. Quill alizaliwa mwaka 1905 katika jimbo la Kerry, Ireland, akahamia Marekani mwaka 1926 na kupata kazi katika vituo vya treni. Wakati huo wengi wa wafanyakazi hao walikuwa wahamiaji kama yeye, na kazi ya saa 12 kwa siku, siku zote saba za wiki, haikuwa ajabu. Alikuwa mfupi wa kimo, mwenye ulimi mkali na mzaha mwingi, na lafudhi ya kwao hakuiacha hata alipokuwa mtu mashuhuri.

Katika miaka ya Meya Robert Wagner, aliyetawala mji kuanzia mwaka 1954 hadi mwisho wa 1965, mambo yalikwenda kama mchezo unaojulikana. Mkataba ulipokaribia kwisha, Quill alitangaza kwamba treni zitasimama. Magazeti yaliandika kwa herufi kubwa, wasafiri wakalala na wasiwasi, kisha usiku wa mwisho pande mbili zilikubaliana na asubuhi treni zikapita kama kawaida. Tishio lilikuwa ndiyo sarafu ya chama: lilinunua nyongeza ya mshahara bila abiria hata mmoja kutembea kwa miguu. Lakini sarafu ya namna hiyo huchakaa. Kila mara mgomo ulipotangazwa usitokee, watu walizidi kuamini kwamba hautatokea kamwe. Na wafanyakazi wenyewe, hasa mafundi na madereva walioona wenzao wa kazi nyingine wakilipwa vizuri zaidi, walianza kunung'unika kwamba mzee anauza makelele.

Mwishoni mwa mwaka 1965 alichaguliwa meya mpya, John Lindsay: kijana, mrefu, msomi, aliyeahidi kuachana na mapatano ya usiku wa manane. Quill alidai nyongeza kubwa ya mshahara na wiki ya kazi ya siku nne. Hapakuwa tena na Wagner wa kumalizana naye kimyakimya. Alikuwapo mtu aliyeona aibu kushiriki mchezo ule, wala hakuwa ameandaa mwingine wa kushika nafasi yake. Quill alimdharau waziwazi, akawa hata jina lake analitamka visivyo kwa makusudi. Mahakama ilitoa amri ya kuzuia mgomo. Quill aliichana mbele ya kamera za televisheni.

Tarehe 1 Januari 1966, saa 11 alfajiri, treni na mabasi yakasimama. Ndiyo siku Lindsay aliyoanza kazi.

Siku mbili za kwanza, Jumamosi na Jumapili, mji ulipumua. Jumatatu ndipo ukweli ulipojitokeza. Fikirini mji wa watu wapatao milioni 8, uliojengwa kwa kudhani kwamba treni ipo: ofisi zimerundikana kusini mwa kisiwa cha Manhattan, nyumba zimetawanyika Brooklyn, Queens na Bronx, na katikati yake kuna mito. Magari binafsi yalijazana madarajani na kwenye mahandaki. Watu walitembea kwa saa nyingi katika baridi ya Januari. Meya mwenyewe alikwenda ofisini kwa miguu, akawaomba wasio na kazi za lazima wabaki nyumbani.

Ombi hilo nimelisoma mara kadhaa, na kila mara hunichoma. Kubaki nyumbani ni jambo dogo kwa mwenye mshahara wa mwezi. Kwa mama anayefua na kupiga pasi katika nyumba za watu, au mshonaji kiwandani anayelipwa kwa saa, siku moja ya kukaa nyumbani ni siku moja bila ujira. Mtanitajia methali ya ndovu wawili na nyasi. Hapa siipokei moja kwa moja, kwa sababu dereva wa treni hakuwa ndovu. Alikaa mitaa ile ile, na jamaa zake walingoja basi lile lile.

Tarehe 4 Januari Quill na viongozi wenzake wanane walifungwa kwa kukaidi mahakama. Moyo wake ulikuwa mgonjwa tangu zamani. Saa chache baadaye alizirai, akapelekwa hospitali. Walioamuru afungwe walitaka mgomo uishe, lakini wafanyakazi hawakurudi. Ulidumu siku 12, hadi alfajiri ya tarehe 13 Januari, mapatano yalipopatikana: mishahara ilipanda sana na malipo ya uzeeni yakaboreshwa. Quill alitoka hospitali, akazungumza na waandishi wa habari, na tarehe 28 Januari akafariki dunia akiwa na umri wa miaka 60.

Sasa angalieni mambo mawili yaliyofuata, maana ndiyo yanayonifanya niwasimulieni habari hii katika somo la uraia.

La kwanza ni sheria. Tangu mwaka 1947 jimbo la New York lilikuwa na sheria kali mno: mtumishi wa umma akigoma anafukuzwa, na akirudishwa hapati nyongeza kwa miaka mitatu. Mbele ya wafanyakazi zaidi ya 30,000 sheria hiyo haikutekelezeka, kwani ukiwafukuza wote nani ataendesha treni? Bunge la jimbo likalazimika kuwasamehe. Mwaka 1967 ikaja sheria mpya, ambayo nayo inakataza migomo hiyo ila inaweka wasuluhishi na faini zinazoweza kukatwa kweli. Kwa mgomaji ni mshahara wa siku mbili kwa kila siku moja ya mgomo.

La pili ni nauli. Tangu mwaka 1953 ilikuwa senti 15. Julai 1966 ikawa senti 20. Yule mama aliyepoteza ujira wake Januari akaanza, miezi sita baadaye, kuchangia mshahara wa dereva.

Mgomo ulirudi Aprili 1980 kwa siku 11. Meya Edward Koch alisimama kwenye daraja la Brooklyn akiwashangilia waliokuwa wakitembea kwenda kazini. Kisha ikapita miaka 25 ya vitisho na mapatano, hadi Desemba 2005, siku chache kabla ya Krismasi. Kiini cha ugomvi safari hii kilikuwa malipo ya uzeeni ya wafanyakazi watakaoajiriwa baadaye. Kiongozi alikuwa Roger Toussaint, mhamiaji kutoka Trinidad. Baada ya saa 60 hivi chama kiliwarudisha watu kazini. Chama kilitozwa faini ya dola milioni 2.5, kiongozi akahukumiwa kifungo cha siku 10, na kila mgomaji akakatwa mshahara. Januari iliyofuata wanachama waliletewa mkataba waupigie kura. Walipiga zaidi ya 22,000, na mkataba ukakataliwa kwa tofauti ya kura saba.