Inama-sahwanya na Mamlaka ya Kufasiri Maandiko nchini Burundi

Mvutano kati ya mamlaka ya Kanisa na ufasiri wa mwumini binafsi huelezwa mara nyingi kama shauri la pande mbili. Nchini Burundi dola nayo iliingia. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Dei Verbum (1965), iliwafungulia waumini wote Maandiko, lakini ikaiachia mamlaka ya ufundishaji ya Kanisa kauli ya mwisho kuhusu maana yake. Katika nafasi hiyo finyu zilikua inama-sahwanya, jumuiya ndogondogo za Kikatoliki ambamo majirani walisali na kulitafakari Neno wakiongozwa na walei. Kwa utawala wa Jean-Baptiste Bagaza mjini Bujumbura, yaelekea suala la nani afasiri halikuwa na uzito. Uzito ulikuwa katika watu kukusanyika nje ya UPRONA, chama pekee. Mwaka 1986 jumuiya hizo zilipigwa marufuku. Hivyo usomaji wa walei, ambao Kanisa lenyewe liliuwekea mipaka, ukawa sehemu ya uhuru wake lenyewe. Baada ya mapinduzi ya Septemba 1987, Pierre Buyoya alilegeza vikwazo. Neno lenyewe lilivuka uwanja wa sala: chama kilichoshinda uchaguzi wa Juni 1993 kiliitwa Sahwanya-FRODEBU.